Siku Moja Katika Darasa la Babu

Mwanao akirudi nyumbani na kusema kwamba kesho watasoma jinsi babu zao walivyosoma, usicheke tu na kumtafutia kaptura kuukuu. Mchezo huo una mafunzo.

Jijini London, wanafunzi hutembelea Ragged School Museum, wakaketi kwenye madawati ya enzi za Malkia Victoria na kuandika kwenye vibao vya mawe. Sisi hatuhitaji jumba. Chukua Kanamkemer, mjini Lodwar. Kivuli cha mgunga ni darasa, mchanga ni daftari, kidole ni kalamu. Watoto waitikie "mbili mara mbili" kwa sauti moja. Atakayesema lugha ya mama avishwe kibao shingoni, akivae hadi amnase mwenzake. Kiboko kiwekwe mezani kitazamwe tu, kwani kilipigwa marufuku mwaka wa 2001.

Watoto watacheka. Lakini mchezo ukiishia hapo, umewadanganya. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya ya Turkana kwa miaka mingi. Mgeni hakuingia bila kibali, na shule zilikuwa za kuhesabika. Umbali huo ndio uliowapendeza wakoloni walipomweka Mzee Jomo Kenyatta Lodwar mwaka wa 1959. Mahali palipofaa kumficha mtu hapakuharakishiwa walimu.

Basi babu wengi wa huko hawakuimba "mbili mara mbili". Walikuwa machungani na mbuzi. Nyanya naye alikuwa akichimba mchanga mtoni apate maji.

Kwa hivyo nakuomba, mwalimu na mzazi: somo likinoga, watoto wengi waambiwe wainuke watoke nje, hasa wasichana. Waliobaki waone nafasi zilizo wazi. Kisha aitwe mzee aliyekosa shule, aketi mbele, awafunze kusoma nyayo za mifugo na dalili za mvua. Siku hiyo awe yeye mwalimu.

Masomo ya bure yalipoanza mwaka wa 2003, Mzee Kimani Maruge hakukawia. Mwaka wa 2004 aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret, akiwa na miaka 84. Alijua thamani ya dawati kwa kuwa alilikosa.

Mwanao analo. Jioni usimuulize tu alijifunza nini. Muulize pia: ni nani hakuwa darasani? Maana hata leo, ukame ukizidi, wako watoto wanaofuata mifugo badala ya kengele.

Tuonane Jumapili ijayo.