Tembo wa Tabora katika Sanduku la Marehemu



Tunapoitwa kuorodhesha mali ya marehemu, kihamba huandikwa kwa uangalifu, mpaka kwa mpaka. Sarafu kuukuu zilizofungwa kitambaani hupelekwa kwa sonara, zikapimwa kwa mizani na kuyeyushwa. Hapo ndipo haki ya mayatima huweza kupotelea.

Mwaka 1916, vita vikiwa vimefunga njia ya bahari, serikali ya Kijerumani iligonga sarafu zake katika karakana ya reli pale Tabora. Zilikuwamo heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano (neno letu "hela" limetokana na heller hizo), na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke. Rupia hiyo ina tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima ambao wakusanyaji huutambua kuwa ni Kilimanjaro. Ajabu ni kwamba Moshi yenyewe Waingereza walikwisha kuiingia mwezi Machi mwaka ule ule!

Sarafu hizo hazikutoka sawa. Katika ile ya dhahabu, itazameni nakshi ya upande wa kulia: katika baadhi huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine chini ya A inayoifuata. Tofauti ni ya herufi moja tu, lakini za T ziligongwa 9,803 na za A 6,395, nazo zote ni chache. Katika heller 20, taji ni kubwa au dogo, na ncha za L mbili za HELLER zimechongoka au zimejikunja, pengine moja tu ndiyo iliyojikunja. Namna nyingine katika hizo ni adimu kuliko nyingine, wala mizani haiwezi kuzitenganisha.

Basi sarafu isisuguliwe kwa majivu wala ndimu, kwani kung'arishwa huishusha thamani. Tembo wa bandia nao wapo wengi, hivyo tusimwamini mnunuzi aliye peke yake na mwenye haraka. Katika orodha ya mirathi iandikwe mbali na mapambo: mwaka, madini, uzito, na herufi ambayo nakshi imeishia chini yake. Kioo cha kukuzia cha fundi saa chatosha kuisoma.