Anayetoa Dawa Afundishwe Kwanza

Mwezi wa Oktoba 2007 jaribio kubwa lilianza katika wilaya tatu za nchi yetu: Kongwa, Maswa na Shinyanga Vijijini. Dawa mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu, wakati huo ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kijijini aendaye dukani na pesa yake. Basi sehemu kubwa ya gharama ililipwa tangu kwa muuzaji wa jumla, na dawa ikasambazwa katika maduka ya dawa baridi ya Kongwa na Maswa. Shinyanga Vijijini, yaani wilaya yenye Didia yetu, haikupelekewa kitu. Iliwekwa kando iwe ya kulinganishia. Baada ya mwaka mmoja, katika zile wilaya mbili, wanunuzi waliochukua dawa mseto walikuwa wamepanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 44. Kwetu hali ilibaki ilivyokuwa.

Sikumbushi habari hii ili kulalamika. Utafiti hauwezi kusema kweli bila mahali pa kulinganishia, na mwaka huo palikuwa hapa. Nawakumbusha kwa sababu ndani ya jaribio lile mna mambo mawili yanayotuhusu hata leo. Watafiti walipeleka dawa dukani, wala hawakuishia zahanati, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba mtu wa kwetu akishikwa na homa usiku, mlango wa kwanza anaogonga ni wa duka. Tena waliona kwamba maduka ya penye watu wengi yalikuwa na ile dawa kuliko maduka ya pembezoni. Bei ilishuka, lakini umbali haukushuka. Na mimi naongeza swali ambalo hesabu za mauzo pekee haziwezi kulijibu: yule aliyekabidhiwa vidonge aliambiwa nini?

Ndugu zangu, dawa mseto si karanga. Ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili huliwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, na huliwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Mama akiambiwa tu "asubuhi na jioni", zile saa nane zimepotea. Akiambiwa ampe mtoto akiwa na njaa, dawa inapungua nguvu tumboni. Homa ikishuka siku ya pili, naye hakuambiwa kwamba vimelea bado vimo, atavihifadhi vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Mama huyo si mzembe. Hakufundishwa, kwa sababu aliyempa dawa hakufundishwa.

Hilo ndilo neno langu lote leo. Tumelilia dawa miaka mingi, na ni haki yetu kulilia. Lakini elimu ya mtu anayekaa nyuma ya kaunta hatujaililia vya kutosha, nayo ndiyo inayoifanya dawa kuwa dawa.

Serikali haikulala kabisa katika jambo hili. Mwaka 2003, huko Ruvuma, yalianzishwa Maduka ya Dawa Muhimu, yale yenye maandishi ya DLDM ukutani. Shabaha yake ilikuwa kuyaondoa maduka ya dawa baridi katika hali ya biashara tupu: duka likaguliwe, mmiliki asajiliwe, na mtoa dawa apitie mafunzo kabla ya kuruhusiwa kutoa hata dawa chache za kuua bakteria. Mpango ule ulifaulu hata ukaenezwa Tanzania Bara nzima, na wageni kutoka nchi nyingine wakaja kujifunza kwetu. Mwaka 2011 Bunge likatunga Sheria ya Famasi, na Baraza la Famasi likapewa kazi ya kusimamia taaluma hii na watu wake.

Lakini mafunzo yale ya mtoa dawa ni ya wiki chache tu. Ni mema kuliko kukosa, wala sitawadharau akina mama na vijana walioyapitia, maana wengi wao wanaokoa maisha kila siku bila kusifiwa. Ila wiki chache haziwezi kubeba mzigo uliopo katika ukanda huu wa dhahabu. Na mara nyingi aliyefundishwa akipata kazi penye mshahara mzuri zaidi huondoka, cheti chake kikabaki kikining'inia ukutani, na kwenye kaunta akaketi ndugu wa mwenye duka ambaye hajafundishwa lolote.

Tutazame mzigo wenyewe. Kutoka Mwakitolyo hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu za Geita, vijana wetu wanashuka kwenye maduara ya dhahabu na kusaga mawe kwenye makarasha. Vumbi lile lina silika, inayokwaruza mapafu na kuyaacha wazi kwa kifua kikuu. Kijana akianza kukohoa haendi kupima makohozi. Anaingia dukani na kusema, "Kaka, nipe dawa ya kifua." Asiyejua atampa sharubati, na wiki inayofuata atampa siprofloksasini. Dawa hii ina hatari ya pekee hapa, kwa kuwa inaweza kukitia ganzi kifua kikuu kwa muda: mgonjwa akaona nafuu, kipimo kikachelewa, naye akaendelea kuwaambukiza wenzake wanaolala naye kwenye turubai moja. Aliyefundishwa angeuliza swali moja tu: "Umekohoa kwa muda gani, mdogo wangu?" Akijibiwa wiki mbili au zaidi, angefunga kabati na kumwelekeza kituo cha afya, ambako kipimo na dawa za miezi sita hutolewa bure.

Inafaa tukumbuke kwamba dunia nzima ilikuja kujifunza matibabu ya kifua kikuu katika nchi hii. Daktari Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia, alifanya kazi na mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu ulipoanza mwaka 1977. Njia iliyojengwa hapa, ya kuhakikisha dawa hazikatiki na mgonjwa anasimamiwa mpaka amalize, ndiyo iliyokuja kuenezwa duniani na Shirika la Afya Duniani kwa jina la DOTS. Siri yake ilikuwa katika kumfuata mgonjwa na kumfundisha mhudumu, kwa dawa ambazo nyingi tayari zilikuwa zinajulikana.

Ushahidi mwingine uko karibu zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1990, katika Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo Geita ilikuwa ndani yake, watafiti walichukua jamii 12. Katika sita kati ya hizo, wahudumu wa vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, dawa zikahakikishwa kuwapo wakati wote, na wasimamizi wakawa wanawatembelea. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika zile nyingine. Mafunzo, dawa na usimamizi vilitembea pamoja. Leo kijana wa machimboni mwenye kisonono anatibiwa kwa kunong'ona dukani, kwa vidonge vya kubahatisha, na mwenzi wake hatibiwi kabisa.

Hapo ndipo usugu wa vijidudu kwa dawa unapozaliwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba huenda ikaja siku mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, na asiyejua akajipa dozi ndogo, akavizoeza vijidudu kuishinda dawa. Siku hiyo imekwisha kufika. Husikii kila siku, "Nipe amoksilini za mia tano"? Pesa ndiyo inayopima dozi. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Na sisi tuliwahi kuzika watu wetu kwa sababu ya usugu, ingawa ule ulikuwa wa vimelea vya malaria: klorokwini ilitushinda ikaachwa mwaka 2001, dawa ya SP ikafuata, nayo ikashindwa, ndipo mwaka 2006 tukaingia kwenye dawa mseto. Tukiichezea hii, tutakimbilia wapi?

Sasa naelekeza maneno kwa wafamasia wetu wasomi na wanaowafundisha. Muhimbili inafundisha famasia tangu miaka ya 1970, na Bugando pale Mwanza iko jirani yetu. Kijana husoma miaka minne, akaongeza mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Kisha wengi wanabaki Dar es Salaam. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilieleza sifa saba za mfamasia, na mojawapo ni kwamba awe mwalimu. Nawaomba wakuu wa vyuo waishike hiyo moja kwa mikono miwili. Mwanafunzi wa famasia apelekwe akae katika zahanati na maduka ya vijijini kwa majuma kadhaa. Aone dawa zikikaa chini ya bati la Shinyanga mwezi wa Oktoba, huku oksitosini ya mama anayetokwa damu ikihitaji nyuzi 2 hadi 8 za baridi. Aone mialo ya kuoshea dhahabu ambako zebaki inachomwa kwenye makaa karibu na sufuria ya ugali, ajifunze kumshuku mtu mwenye mikono inayotetemeka kabla ya kumuuzia dawa ya maumivu. Na ajifunze kusema na bibi wa Kisukuma kwa lugha anayoielewa, kwa sababu maelezo yasiyoeleweka hayana tofauti na ukimya.

Wazazi wa Didia, tunazo shule hapa na watoto wetu wana akili. Msiwaambie kwamba sayansi ni udaktari tu. Kemia na biolojia zinampeleka mtoto kwenye stashahada ya sayansi ya famasia kwa miaka mitatu, naye anaweza kurudi kwao akafanya kazi ya heshima. Na binti asiachwe nyuma. Wanaokuja dukani wamebeba watoto wagonjwa ni wanawake, na wengi watamweleza mwanamke mwenzao yale wasiyomweleza mwanamume.

Wenye maduka, msimweke kwenye kaunta mtu asiyefundishwa, hata akiwa mtoto wa kaka yenu. Nawe mnunuzi, usione haya kuuliza: dawa hii ni ya nini, naila mara ngapi, mpaka lini, na nikiona nini nirudi? Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Mwisho nasema na madiwani. Kampuni za madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato yao, na halmashauri zilizo juu ya dhahabu hupata fedha ambazo wengine hawana. Tengeni fungu la kuwasomesha vijana wachache kila mwaka katika famasia, kwa mkataba kwamba watarudi kufanya kazi kwenye kata zetu kwa miaka kadhaa. Mkapate ushauri wa Mfamasia wa Halmashauri, mumuulize ni vituo vipi havina mtu aliyesomea dawa, na muanzie huko. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Wananchi walete ombi hili kwenye mikutano ya vijiji mapema, liandikwe kwenye mihtasari, ili lisije likaambiwa limechelewa.