Sifa za Mshambuliaji na Kazi ya Ualimu

Wako watu wasemao kwamba mchezaji hodari hawezi kuwa mwalimu hodari wa timu, na wakitakiwa ushahidi humtaja Alan Shearer wa Newcastle. Hoja hiyo ni nyepesi mno, kwani humtwika mtu mmoja kosa lililotendwa na wengine.

Sifa za Shearer hazina shaka. Mwaka 1996 Newcastle ilimnunua kutoka Blackburn kwa pauni milioni 15, bei ambayo hadi siku ile haikuwa imepata kulipwa kwa mchezaji ye yote duniani. Alikuwa mwana wa mji huo huo, na baba yake alikuwa fundi wa mabati. Manchester United ilimtaka, nayo ndiyo iliyokuwa ikitwaa makombe. Yeye akachagua kurudi nyumbani. Kwa miaka kumi aliifungia timu yake mabao 206, akaipita hesabu ya Jackie Milburn, aliyefunga 200. Katika ligi kuu ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1992, amefunga mabao 260, wala hajatokea wa kumpita. Kombe kubwa hakuliletea Newcastle hata moja, na pengine wenyeji walimpenda zaidi kwa sababu hiyo: alikosa pamoja nao.

Alistaafu mwaka 2006. Aprili 2009, michezo minane ikiwa imesalia na timu ikikaribia kushuka daraja, wenye klabu walimwita awe mwalimu. Hakuwa amepata kusimamia timu yo yote. Msimu ule ule Kevin Keegan, mshambuliaji wa zamani na kipenzi kingine cha mji, alikuwa ameondoka kwa ugomvi juu ya ununuzi wa wachezaji. Naye Joe Kinnear, aliyeshika nafasi yake, alikuwa ameugua moyo. Shearer alishinda mchezo mmoja, akatoka sare miwili, akashindwa mitano. Tarehe 24 Mei, mjini Birmingham, mpira ulimgonga Damien Duff, mchezaji wa Newcastle, ukaingia katika lango lake mwenyewe. Aston Villa ikashinda 1–0. Newcastle ikashuka ikiwa na pointi 34. Hull City ilinusurika kwa 35.

Je, ni mwalimu gani apimwe kwa michezo minane? Hata mkongwe wa kazi hiyo asingeweza katika majuma manane kuwapa pumzi wachezaji waliokwisha kata tamaa. Ukweli ni kwamba wenye klabu hawakuajiri ualimu. Waliajiri mapenzi ya watu. Walijua kwamba uwanja uliokuwa ukiwazomea wao usingemzomea Shearer. Jina lake lilivaliwa kama hirizi, na hirizi ilipokosa kufanya kazi, kazi ya kudumu hakupewa.

Aliyepewa ni Chris Hughton, mlinzi wa zamani, mtu wa sauti ya chini, ambaye hakuwa na wa kumwimbia. Mwaka 2010 aliirudisha timu ligi kuu kwa pointi 102, bila kufungwa nyumbani hata mara moja. Desemba mwaka huo huo akafukuzwa. Klabu ilieleza kwamba ilihitaji mtu mwenye uzoefu zaidi wa kazi hiyo. Ni klabu ile ile iliyomkabidhi timu, miezi ishirini kabla, mtu asiye na uzoefu wo wote.