Ahadi ni Deni, Lakini Mdai ni Nani?

Miongoni mwa methali zinazotajwa mno na kutafakariwa kidogo ni ile isemayo kuwa ahadi ni deni. Aghalabu hutumiwa kumsuta mtu aliyeshindwa kutimiza neno lake, kana kwamba aibu yake yote inatokana na ulegevu wa moyo. Hata hivyo, wahenga hawakutaja moyo. Walitaja deni, na deni halikamiliki bila mambo matatu: mdai, kiasi na siku ya kulipa. Ahadi isiyokuwa na hayo ni matamanio tu.

Hoja ya makala haya ni kwamba akili ya binadamu haidumishi azma kwa nguvu zake yenyewe. Huidumisha kwa kuegemea watu na nyakati. Jambo hili Wagusii walilielewa kitambo. Katika vilima vya Ogembo, Kaunti ya Kisii, kama kwingineko Gusii, majirani wachache walikuwa wakiungana katika kikundi kiitwacho egesangio, wakilima kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Mkulima aliyeamka akiwa mchovu hakuwa na haja ya kujadiliana na nafsi yake iwapo alime au alale. Uamuzi ulikwisha kufanywa, na jirani alikuwa akimngoja. Alijua pia kwamba akikosa zamu ya mwenzake, magugu ya shamba lake yangekosa wa kuyapalilia. Hivyo basi uaminifu kwa lengo na uaminifu kwa mtu vilikuwa kitu kimoja.

Utafiti wa kisasa unaelekea huko huko. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza kwamba mtu anayeamua mapema ni lini, wapi na vipi atatenda jambo huwa na uwezekano mkubwa wa kulitenda kuliko anayesema tu kwamba amenuia. Karibu zaidi na nyumbani, wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2011 utafiti wao kuhusu wakulima wa magharibi mwa Kenya. Wengi wa wakulima hao walinuia kununua mbolea, lakini msimu wa kupanda ulipofika hawakuinunua. Walipopewa nafasi ya kuinunua mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa mkononi, na kupelekewa bila gharama ya usafiri, walioitumia waliongezeka. Wakulima walikuwa wale wale, na nia ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni siku ya kuamua.

Huenda msomaji akauliza: je, kila kinachofungamanisha watu ni chema? La hasha. Eneo hilo hilo la Kisii limeshuhudia maafa ya mshikamano uliopotoka. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wakauawa huko Marani kwa tuhuma kama hizo. Umati nao humdai mtu uaminifu, lakini hauna hesabu wala haukubali kuulizwa swali. Katika egesangio kila mmoja aliweza kuhesabu siku alizotoa na alizopokea, na aliyedhulumiwa aliweza kulalamika na hata kujitoa. Kwa hiyo haitoshi ahadi kuwa na mdai. Yafaa mdai huyo naye aweze kudaiwa.

Leo egesangio imepungua. Mashamba yamegawanywa yakawa vipande vidogo, vijana wengi wamehamia mijini na vibarua hulipwa fedha taslimu. Lakini kanuni yake haijazeeka, na hakuna wanaoihitaji kuliko wanafunzi wa Kiswahili. Kila mwaka hutangazwa maazimio: tasnifu zitakamilika, diwani zitaandikwa, majarida yatatoka kwa wakati. Muhula ukiisha, sura ya pili ya tasnifu ingali pale ilipokuwa. Wahadhiri huwahimiza wanafunzi wajitahidi, nao wanafunzi hujilaumu kwa uvivu. Lawama hizo hazijawahi kuandika ukurasa hata mmoja.

Inafaa vyama vya wanafunzi vipunguze hotuba za kutia ari na badala yake viunde vikundi vya watu wanne au watano. Kila juma mmoja wao alete kurasa tano, siku na saa zikijulikana, na wengine wazisome na kuzihakiki. Asiyeleta zake asisomewe. Wahadhiri nao wapange tarehe za kupokea sura na wazirejeshe kwa siku waliyoahidi, maana deni la usomaji ni lao pia. Mwanafunzi anayejua kwamba Alhamisi saa kumi kuna wenzake wanne wanaozingoja kurasa zake hatahitaji kuulizwa kama ana nia.