TAHARIRI: Mawazo ya nishati tunayo, mtaji wa kujaribia ndio hatuna

Kila mwaka katika vyuo vikuu vya Marekani, wanafunzi husimama mbele ya majaji kwa dakika chache kueleza jinsi wazo lao la nishati safi litakavyogeuka kuwa biashara. Majaji hao si walimu wa kutoa alama tu. Miongoni mwao wamo watu wenye fedha zao, na swali lao kubwa huwa ni moja: nani atanunua?

Mashindano ya namna hii si mageni. Chuo cha MIT kilianzisha la kwake mwaka 2008. Mwaka 2012 Wizara ya Nishati ya Marekani ikaendesha shindano la taifa zima, kila mshindi wa kanda akipata dola 100,000. Ushindi wa taifa ulikwenda kwa timu ya NuMat ya chuo kikuu cha Northwestern, iliyobuni unga wenye vitundu vidogo mno vya kuhifadhia gesi asilia ndani ya matangi ya magari.

Yaliyofuata ndiyo yenye funzo. Bidhaa ambayo NuMat iliingiza sokoni mwaka 2016 haikuwa tangi la gari. Ilikuwa mitungi ya kuhifadhia gesi za sumu zinazotumiwa na viwanda vya vifaa vya elektroniki. Maarifa yalikuwa yale yale, lakini mnunuzi alikuwa mwingine kabisa. Vijana hao walipata muda na fedha za kumtafuta mpaka wakampata.

Msomaji anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, kwa sababu baadhi ya biashara zinazojulikana majumbani kwetu zilizaliwa katika madarasa na mashindano hayo hayo.

Taa za sola za d.light, ambazo zimechukua nafasi ya vibatari katika nyumba nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda, zilianzia katika somo moja la chuo kikuu cha Stanford mwaka 2006. Mwaka uliofuata waanzilishi wake walishinda dola 250,000 katika shindano la mipango ya biashara. Mmoja wao alikuwa ameishi Benin na kuona mtoto wa jirani akiungua kwa mafuta ya taa.

Vivyo hivyo Sanergy ya Nairobi. Mwaka 2011 wanafunzi wa MIT walishinda dola 100,000 kwa wazo la kujenga vyoo katika mitaa ya mabanda na kugeuza kinyesi kuwa bayogesi na mbolea. Baada ya kufika kazini, biashara yao iliegemea zaidi kwenye mbolea na chakula cha mifugo kinachotokana na mabuu ya nzi. Wao pia walibadilisha njia baada ya kukutana na soko.

Hatusemi haya kwa wivu. Waliofanya kazi hiyo wameifanya, na watoto wetu wanasoma usiku kwa taa hizo. Tunachouliza ni kwa nini kijana aliyekua akipuliza mkaa jikoni kwa mama yake, na ambaye hahitaji kusafiri kwenda kuujua moshi, hakuwa yeye aliyesimama mbele ya wale majaji.

Jibu si upungufu wa akili. Kijana huyo anamfahamu mnunuzi kuliko profesa yeyote. Anajua kwamba mama mwenye genge hanunui mkaa kwa kopo kwa sababu ni bei nafuu, maana kwa mwaka humgharimu zaidi. Hununua kwa kopo kwa sababu fedha yake huingia kidogo kidogo kila siku, wakati mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mara moja. Jambo hilo dogo lina thamani kubwa. Kampuni ya KopaGas, iliyoanzia Tanzania, iliweka mita kwenye mtungi ili mteja alipie gesi kadiri anavyoitumia. Mwaka 2020 kampuni ya Circle Gas ya Uingereza ilinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25.

Anachokosa kijana wetu ni fedha ya kukosea. Mwenzake wa Stanford akishindwa mara ya kwanza, hujaribu tena. Wa kwetu akishindwa mara moja, ada ya mdogo wake imeshapotea, na ukoo mzima unamwambia atafute kazi.

Hapa ndipo sisi tulio ughaibuni tunapoingia. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Sehemu kubwa ya fedha tunazotuma huenda kwenye chakula, ada, matibabu na ujenzi, na hatumlaumu mtu kwa hilo. Lakini vyama vyetu vinavyochangisha kwa msiba au harusi ndani ya wiki moja haviwezi kushindwa kutoa dola 5,000 kwa mwaka kwa timu moja ya wanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura.

Wapo watakaosema michango ya namna hiyo imeliwa mara nyingi. Ni kweli, na dawa yake ipo. Zawadi itolewe kwa awamu: ya kwanza timu ikishazungumza na wateja na kuleta majibu yao, ya pili ikishatengeneza kifaa cha majaribio, ya mwisho ikishauza. Vifaa vilipiwe moja kwa moja kwa muuzaji. Na tukubali tangu mwanzo kwamba timu nyingi hazitafika mwisho. Fedha hiyo tuihesabu kama ada ya shule.

Kwa wanafunzi wetu walioko Marekani na Uingereza, tunasema ingieni katika mashindano ya vyuo vyenu. Someni masharti kwanza, na mwenye viza ya masomo aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kabla ya kusajili kampuni, kwani sheria za kazi ni kali. Tafuteni mwenzenu wa uhandisi na mwenzenu wa hesabu za biashara.

Serikali nazo zina la kufanya. Tanzania imejiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa kugawa mitungi kwenye mikutano tu, kwani mtungi ukiisha gesi, mama hurudi kwenye kopo lake la mkaa. Litafikiwa na wafanyabiashara wanaomjua mama huyo. Wengi wao wako madarasani sasa hivi. Tuwape mtaji wa kujaribia kabla hawajakata tamaa.