Kivuli kwa Mfanyakazi si Hisani

Katika miezi ya Desemba hadi Machi jua la pwani yetu huwa halina huruma. Mtumishi aliye ofisini hufungua madirisha, huwasha feni, na akizidiwa hunyanyuka akanywe maji. Hakuna amkataye mshahara kwa ajili ya dakika hizo. Lakini kibarua amwagaye zege, saidia fundi aliye juu ya paa la bati, mkata mkonge wa Tanga, mkata miwa wa Kilombero na wale watandazao lami ya moto barabarani hawana nafasi hiyo. Kwa wengi wao, kila dakika ya kivuli ni dakika ya kupunguza ujira. Hapo ndipo ilipo dhuluma.

Wapo wasemao kwamba mtu wa nchi za joto amelizoea jua. Usemi huo una harufu ya enzi za manamba. Mwili wa binadamu yeyote hujipoza kwa jasho linapokauka juu ya ngozi. Penye unyevunyevu mwingi hewani, kama Dar es Salaam au Mtwara, jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Joto la mwili likifika nyuzi 40 mtu huchanganyikiwa, huanguka, na asipopozwa upesi hufa. Ni kweli kwamba mwili huweza kuzoea, lakini hufanya hivyo kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo kibarua mgeni, apewaye kazi nzito tangu siku ya kwanza, ndiye aliye hatarini zaidi.

Madhara mengine huja polepole. Huko Nikaragua na El Salvador, maelfu ya watu, wengi wao wakata miwa, wamekufa kwa ugonjwa wa figo unaohusishwa na kazi nzito juani. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupindukia kazini, na kwamba kila mwaka joto hilo husababisha ajali milioni 22.85 na vifo 18,970.

Je, sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki. Imeagiza pia kwamba mtu afanyaye kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini saa hizo huhesabu muda, hazipimi joto. Saa 5 za kupanga mafaili na saa 5 za kubeba kokoto mchana wa Februari ni kitu kimoja mbele yake. Tena mwajiri halazimiki kulipia mapumziko hayo iwapo mfanyakazi hatakiwi kuwa kazini.

Mambo huwa mabaya zaidi pale malipo yanapokuwa kwa kipande. Mtu apimiwaye ngwe, au alipwaye kwa idadi ya matita, hahitaji nyapara wa kumsimamia. Njaa ya watoto wake ndiyo nyapara. Ukimwambia apumzike bila kumpunguzia kipande, umemwambia achague kati ya afya yake na chakula cha jioni.

Wenzetu wa Ghuba, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta riziki, walilazimika kuchukua hatua. Tangu mwaka 2021 Qatar imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Oman nayo husimamisha kazi hizo saa za mchana katika miezi ya joto kali. Kanuni hizo zilikuja baada ya malalamiko mengi, na utekelezaji wake hauna budi kuangaliwa. Hata hivyo zimethibitisha kwamba majengo hujengwa bila kumchoma mjenzi.

Wakandarasi watasema kazi itachelewa. Jibu ni kwamba saa zaweza kuhamishwa. Kazi nzito ianze alfajiri, isimame saa 6 mchana, iendelee jua linapopungua. Mtu aliyezirai hamalizi barabara.

Nayasema haya kwa watumishi wa umma hasa, kwa kuwa Serikali ni mteja mkubwa wa wakandarasi. Anayeandaa zabuni aandike maji, kivuli na mapumziko yenye malipo kuwa gharama inayojitegemea, ili mzabuni mwadilifu asishindwe na yule apunguzaye bei kwa kuwanyima vibarua maji. Ofisa wa kazi akague saa 8 mchana, asikague saa 2 asubuhi. Kipande kipunguzwe siku za joto kali bila kupunguza ujira. Mgeni aanzishwe kwa kazi nyepesi. Nao walimu, ambao mara nyingi husimamia ujenzi wa madarasa, waanze na mafundi walio mbele ya macho yao, na wasiwapeleke wanafunzi shambani jua likiwa utosini.

Mwezi Juni 2022 Mkutano wa Kazi wa Kimataifa uliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 nao unataka alindwe yule aondokaye kwenye kazi anayoamini, kwa sababu za haki, kwamba inahatarisha maisha yake. Haki hiyo imfikie kibarua asiye na chama wala mkataba mkononi.

Tumezoea kuwaita wafanyakazi wajenzi wa taifa kila Mei Mosi. Basi wajenzi hao wapewe kivuli, kwa kuwa ni haki yao, wala isiwe hisani ya mwenye kazi.