Ukurasa Nao Una Bahari Zake

Mwezi uliopita binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha pwani, alinijia na kazi aliyoifanya yeye na wenziwe wanne, nayo ilikuwa jarida la muziki la kurasa 24, lililokusudiwa wanafunzi wenzao wapendao taarab. Aliniamkia, akaliweka mezani kwa mikono miwili, akasema, “Maalim, naomba ulitazame kabla hatujalipeleka kwa mchapaji.” Jalada lilikuwa jeusi tititi. Herufi za jina la jarida zilikuwa zimepasuka kama kioo kilichopigwa jiwe, zikichuruzika wekundu. Na chini ya herufi hizo alikaa bibi mwimbaji, mtu mzima, leso mkononi, macho ameyainamisha kidogo kama afanyavyo mwimbaji angojapo zamu yake wakati ala zinapozungumza, na nyuma yake mpiga kanuni ameziinamia nyuzi zake. Ile mikono ya mpiga kanuni, ambayo kwangu mimi ndiyo iliyokuwa roho ya picha nzima, ilikuwa imefunikwa na mstari wa maneno ya manjano uliotangaza habari za mtu mwingine kabisa.

Nilimwuliza herufi zile amezipata wapi. Alijibu kwa adabu kwamba mwalimu wao aliwapa majarida mawili matatu ya muziki wa roki kutoka Uingereza, akawaagiza wafuate desturi za mpangilio wa fani. Jawabu hilo halijaniondoka moyoni hata leo, kwa kuwa mwalimu alisema kweli, na mwanafunzi alitii, na ijapokuwa hapana hata mmoja kati yao awezaye kulaumiwa kwa uvivu wala kwa dharau, ukurasa ulitoka umevaa nguo isiyo yake.

Zoezi lenyewe lina asili. Huko Uingereza, kwa miaka mingi, vijana wa sekondari ya juu waliosoma taaluma ya vyombo vya habari walipewa katika mtihani wao kazi ya kubuni jarida jipya la muziki: jalada la mbele, ukurasa wa yaliyomo, na kurasa mbili zinazotazamana zenye makala moja kuu, kwa sharti kwamba picha na maneno yote yawe ya mwanafunzi mwenyewe. Ni zoezi jema, nami natamani lienee katika vyuo vyetu vyote vya uandishi wa habari, kwani laulazimisha mkono ujifunze lile ambalo jicho limekuwa likilipokea miaka yote bila ya kulihoji. Lakini kijana wa huko aliliingia zoezi lile akiwa na urithi nyuma yake. Alilikuta Melody Maker la mwaka 1926 katika maktaba, akalikuta NME la mwaka 1952, akalikuta Kerrang! lililoanza mwaka 1981 likiwa nyongeza ya gazeti la Sounds; jina hilo la Kerrang! ni mwigo wa sauti ya gitaa la umeme linapochapwa nyuzi zote kwa pamoja, na herufi zake zilichorwa zenye nyufa, mfano wa kitu kilichopasuliwa na sauti hiyo. Ufa ule, basi, watafsiri mlio. Udi hauna mlio wa namna hiyo, wala kanuni, wala nai. Na ufa ukishahamishwa ukawekwa juu ya kichwa cha bibi aliyetulia kitini, hauna tena kitu cha kutafsiri.

Sisi tuliolelewa na mashairi tusingepaswa kupata taabu ya kulifahamu jambo hili. Mtunzi akitaja utenzi, msikilizaji ameshajua kwamba kipande kitakuwa kifupi, cha mizani nane aghalabu, na kwamba kina cha mwisho kitafuatana naye kutoka ubeti wa kwanza hadi wa kukamilisha; akitaja shairi la tarbia, msikilizaji hungojea mishororo minne, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na kituo cha kuufunga ubeti. Bahari hizo ni ahadi aitoayo mtunzi kabla hajafumbua kinywa, na mpangilio wa jarida ni ahadi ya jinsi hiyo hiyo: msomaji akiwa bado yu mbali, hajasoma herufi hata moja, rangi na unene wa herufi na mkao wa mtu pichani vimekwisha kumweleza atakutana na nini ndani. Wala wazee wetu hawakuishia kwenye sauti peke yake. Wanakili wa pwani hii, walipoziandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, walikitenga kipande na kipande kwa alama ndogo, ili jicho la msomaji lipumzike pale pale pumzi yake ipumzikapo; na mtu afanyaye hivyo ni msanifu kurasa, hata kama hakupata kulisikia neno hilo maisha yake yote.

Desturi nyingi za jalada, zikichunguzwa kwa makini, zina sababu ya kawaida kabisa, na mwanafunzi asiyeambiwa sababu hubakia na umbo tupu mkononi. Jina la jarida hukaa juu kwa kuwa dukani majarida hupangwa moja likilifunika jingine, na kinachosalia kuonekana ni ukingo wa juu au ule wa kushoto; ndiyo maana majarida mengi ya Uingereza huyakusanya maneno ya kuvutia katika theluthi ya kushoto ya jalada. Kwetu muuzaji huyatandaza magazeti chini, au huyabana kwa vibanio ubaoni kando ya kituo cha daladala, na watu husimama, wakasoma vichwa vya habari, wakaenda zao. Msanifu wa hapa, kwa hiyo, sharti ajue kwamba msomaji wake amesimama, yuko mbali hatua mbili, na jua la saa sita linaupiga ukurasa. Kadhalika kurasa zinazotazamana zina kikunjo katikati, na uso wa mtu ukiangukia hapo humezwa nusu, wala hapana ufundi wa mchapaji uwezao kuurudisha. Katika kurasa za kati za jarida la yule binti, jicho la kushoto la mwimbaji lilikuwa limeangukia juu ya pini. Nilimwonyesha kwa ncha ya kalamu, naye akashusha pumzi, kwani kwenye kioo cha kompyuta hapana kikunjo wala pini, na kosa la namna hiyo halionekani mpaka karatasi ikunjwe.

Wako watakaosema kwamba desturi ni pingu, na kwamba kijana aachwe avunje atakacho. Hoja yao ina ushahidi, nami sitaki kuupuuza. Mwaka 1988 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, David Mays na Jon Shecter, walilianzisha The Source likiwa karatasi moja tu ya habari za hip hop, kwa ajili ya wasikilizaji wa kipindi chao cha redio, na karatasi ile ikaja kuwa jarida lililosomwa Marekani nzima. Mwaka 1994 David Carson, msanifu wa jarida la Ray Gun, aliyaona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry hayana ladha, akayapanga yote kwa herufi za vinyota na vialama visivyosomeka. Visa hivi viwili huletwa mara kwa mara kuwatetea wanafunzi wanaovuruga kila kitu, ilhali mimi navisoma kinyume cha hivyo. Wale vijana wa Harvard waliuendea ukurasa wakitoka ndani ya muziki, kwani walikuwa wamekwisha kuwapigia watu nyimbo hizo redioni kabla ya kuwaandikia. Na kitendo cha Carson kilishtua kwa sababu msomaji wake aliijua vema sura ya mahojiano yaliyopangwa kwa utaratibu, akauona utaratibu umeondolewa. Asiyepata kuijua mizani hawezi kuiona kasoro ya mshororo uliopungua.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana ukurasa uliosanifiwa kwa kanuni thabiti umo katika sanduku la nguo la kila nyumba ya pwani. Kanga ina pindo lililozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, ambalo hukaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo, kwa herufi kubwa za wazi zisizo na madoido, kwa kuwa zimekusudiwa zisomwe na jirani au mke mwenza ilhali mwenye kanga anatembea. Ndani ya mpaka huo usiobadilika wachoraji wamebuni maua, mikorosho, majogoo na mawimbi yasiyo na idadi, na mnunuzi hajapata hata siku moja kuuliza jina liko upande gani. Tena jina la kanga na wimbo wa taarab huteka maji katika kisima kimoja, kisima cha mafumbo: yule asemaye hamtaji amsemaye, na yule asemwaye hakosi kujijua. Nilimwomba binti aende akalete kanga ya mama yake. Alirejea nayo alasiri, tukaitandaza mezani kando ya jalada jeusi, tukakaa kimya kitambo, na yeye ndiye aliyetangulia kusema: “Maalim, jina letu limekaa kama linapiga kelele, na hili la mama limekaa kama linanong’ona.”

Kisha tulichukua rula, na hapa ndipo nilipofurahi zaidi. Kurasa zao zilikuwa za A4, upana milimita 210, na kwa kufuata mfano waliopewa walikuwa wamezigawa safu tatu, hata kila safu ikapata milimita 57 tu, ukishatoa pambizo na nafasi baina ya safu. Kwa nathari ya habari za roki, ambayo huenda mbio, upana huo watosha. Lakini taarab ni maneno kabla ya kuwa jambo lingine lolote, na wao, kwa busara, walikuwa wameamua kuyachapa mashairi ya nyimbo kwa ukamilifu. Sasa mshororo wa mizani kumi na sita, kwa herufi za ukubwa wa kawaida wa kusomea, huchukua takriban herufi arobaini pamoja na nafasi zake, na safu ya milimita 57 hupokea thelathini na kitu. Mishororo yote ilikuwa imekatika, tena imekatika popote, ukwapi umeingia katika utao, kina cha mwisho kimeanguka chini peke yake kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Tulipozipunguza safu zikawa mbili, kila moja ya milimita 87, ubeti ulisimama wima, vina vya kati vikajipanga chini ya vina vya kati, na mtu angeweza kuuimba wimbo kwa kuutazama tu.

Nayasema haya kwa walimu wetu kwa heshima na mapenzi, kwa kuwa najua wanavyofundisha bila ya vifaa. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, miaka 21 kabla ya Melody Maker kutoka. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri. Muziki wenye umri na hadhi hiyo wastahili kutafutiwa sura yake katika karatasi, na watakaoitafuta ni wanafunzi hawa hawa, ikiwa wataongozwa. Wapewe majarida ya kigeni, naam, wapewe mengi, lakini wayapime kwa rula na waulizwe kwa kila desturi ilizaliwa na haja gani na mlio gani. Kisha, kabla hawajafungua programu yoyote ya kusanifu kurasa, wakae usiku mmoja ukumbini taarab inapopigwa, waone ala zinavyoketi, waone mtu anavyoinuka taratibu kwenda kumtunza mwimbaji, wahesabu muda baina ya beti. Na vyuo viwatengee fedha za kuchapa nakala chache za karatasi, kwa maana kikunjo hakifundishiki kwa maneno.

Juma lililopita binti alirejea na nakala ya pili. Weusi umeondoka, na mahali pake pana rangi ya maziwa. Pindo jembamba la zambarau limelizunguka jalada. Jina limebakia juu, maana muuzaji wa kituoni lazima alione, lakini kwa herufi pana zilizotulia, na fumbo moja limewekwa chini, juu kidogo ya pindo, mahali ambapo kila mwanamke wa pwani atalitafuta bila ya kuelekezwa. Mikono ya mpiga kanuni yaonekana yote, hata zile pete za vidole vya shahada zishikazo vipande vya kupigia. Nilimwomba jambo moja tu lililosalia, kwamba chini ya picha, pamoja na jina la mwimbaji, waliandike na jina la mpiga kanuni. Hakulijua. Alifunga jarida lake katika mfuko, akaaga, akasema anakwenda kumwuliza.